Emuleta ni mgeni: namna ya kuikalisha Lamu kabla hujaanza kusaka kasoro

Emuleta ya Android, yaani simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta, ikiwaka kwa mara ya kwanza haiko Lamu. Iko Mountain View, California, kwenye makao makuu ya Google, maana huko ndiko ilikopangiwa tangu mwanzo. Inasema Kiingereza cha Marekani, betri yake ni asilimia 100 na iko kwenye chaja, mtandao wake ni ule ule wa kompyuta yako, na hakuna mtu anayeipigia. Ukiijaribu apu yako humo ikapita, umethibitisha jambo moja tu: kwamba inamfaa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi huko California.

Mimi natengeneza apu ya boti. Abiria anaona chombo kipi kinaondoka gati la Lamu kwenda Mokowe, upande wa bara, anaweka nafasi, analipa, kisha anaangalia kwenye ramani boti imefika wapi. Kazi naifanyia chumba cha juu huku Langoni, na laptopu yangu ni ya kawaida. Makosa niliyoyaona kwa miezi kadhaa yamenifundisha kwamba emuleta haina ubaya wowote, ila ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatua zifuatazo ndizo jembe lenyewe.

Mashine na bando kwanza

Laptopu yenye RAM ya GB 8 itaifungua emuleta, lakini utalazimika kufunga kivinjari na kila kitu kingine. Kwenye GB 16 mambo hutulia. Diski iachie nafasi ya kutosha, GB 20 zikiwa wazi hutalia baadaye.

Kabla ya yote, hakikisha kichakato cha kompyuta kinaruhusiwa kuendesha mashine ndani ya mashine. Hilo huwashwa kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoifungua kompyuta ikianza kuwaka. Kwenye Linux kinachotumika ni KVM, na kwenye Windows ni Windows Hypervisor Platform, unayoiwasha kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Miongozo mingi ya zamani itakuambia usakinishe HAXM, programu ya Intel ya kazi hiyo hiyo. Achana nayo, Intel waliiacha mwaka 2023. Kujua kama mambo yako sawa, nenda kwenye folda ya emuleta uandike:

`emulator -accel-check`

Ikijibu kwamba hakuna msaada wa kichakato, usijitese kuendelea. Emuleta itawaka, ndiyo, lakini utaweza kuchemsha chai ukainywa kabla haijafika skrini ya mwanzo.

Jambo la bando. Taswira ya mfumo, yaani simu yenyewe iliyofungashwa, ina uzito unaozidi GB 1, na kuishusha kwa bando la siku ni kujitafutia machungu. Kama kuna rafiki aliyekwisha kuishusha, nakili folda ya `system-images` kutoka kwenye SDK yake (folda ya zana za Android) kwa flashi, uibandike mahali pale pale kwenye SDK yako, kisha ufunge na kufungua Android Studio, programu tunayoandikia apu. Itaitambua. Yangu niliipata hivyo, kwa kijana mwenzangu, kwa bei ya sahani ya viazi karai.

Kuunda simu ya kuigiza

Fungua Device Manager ndani ya Android Studio, bonyeza kuongeza kifaa kipya, uchague umbo la simu. Hapa wengi huteleza: wanachagua simu kubwa na mpya kuliko zote kwa sababu inapendeza. Chagua ndogo. Abiria wako wana simu za skrini fupi zenye kioo kilichopasuka pembeni.

Unapofika kwenye taswira ya mfumo, kama kompyuta yako ina kichakato cha Intel au AMD, chukua iliyoandikwa x86_64. Kisha angalia kama ni ya Google APIs au ya Google Play. Ya Google Play imefungwa kama simu ya dukani, haikubali `adb root`, amri ya kukupa mamlaka yote ndani ya simu. Kwa kazi ya kusaka kasoro mimi huchukua ya Google APIs. Tengeneza mbili: moja ya Android ya karibuni, nyingine ya toleo la chini kabisa ambalo apu yako inalikubali. Kasoro nyingi huishi kwenye ile ya chini.

Ipe jina lisilo na nafasi. Yangu inaitwa `Amu`. Unaweza kuiwasha bila kufungua Android Studio nzima, jambo linalookoa RAM:

`emulator -avd Amu -timezone Africa/Nairobi`

Ikikwama siku moja, ikawa nyeusi au ikaganda, usiifute. Rudi kwenye Device Manager uchague Cold Boot. Kwa kawaida emuleta huwaka kutoka kwenye picha ya mahali ilipolala jana, na picha hiyo huharibika, hasa umeme ukikatika na laptopu yenyewe betri imechoka.

Kuihamisha kutoka California

Njia fupi ya kuihamisha ni amri moja ya `adb`, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye laptopu:

`adb emu geo fix 40.902 -2.269`

Tazama mpangilio. Longitudo ndiyo ya kwanza, latitudo ya pili. Google Maps, faili za GPX (zinazohifadhi njia uliyopita) na karibu kila mtu duniani huanza na latitudo, lakini amri hii inaanza na longitudo. Mimi sikujua. Nilikuwa nimemwalika nahodha mmoja wa Matondoni aje aone kazi ilipofikia, nikaweka namba kwa mpangilio niliouzoea, nikamgeuzia laptopu. Boti yake ilikuwa katikati ya Uhispania, nchi kavu, kaskazini mashariki ya Madrid. Mzee akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, mimi pasi sina. Huko nimefikaje?"

"Samahani mzee, namba zimepinduka."

"Basi zipindue. Na hapo hapana maji."

Alikuwa amesema kitu cha maana kuliko alivyojua, kwa sababu tatizo la pili ni hilo hilo la maji. Kwenye paneli ya Extended Controls, sehemu ya Location, kuna kichupo cha Routes kinachokuchorea safari ili emuleta iende yenyewe. Kinafuata barabara. Sisi kati ya Lamu na Mokowe hatuna barabara, tuna mkondo. Ukikiomba kikupeleke, hakina njia ya kukupa.

Dawa yake ni kurekodi safari ya kweli. Panda boti na simu yako mfukoni, washa apu yoyote ya kurekodi njia, ukifika ng'ambo hifadhi kama GPX. Kisha kwenye sehemu hiyo hiyo ya Location bonyeza kuingiza faili, ichague, ucheze kwa kasi ya kawaida au mara kadhaa zaidi. Mimi nimerekodi mbili: moja maji yamejaa, nyingine yamekupwa. Njia zinatofautiana, kwa sababu maji yakipwa nahodha huzunguka mafungu, na apu yangu ilikuwa ikidhani chombo kimepotea kila kilipoacha mstari ulionyooka. Hilo nisingeligundua kwa kubofya ramani.

Halafu lugha. Ingia Settings, System, Languages, ongeza Kiswahili, ukipandishe juu. Ukurasa wa kwanza tu wa apu yangu ulinionyesha aibu: kitufe kilichokuwa na neno la Kiingereza la herufi nne kikawa "Weka nafasi", herufi kumi, na nusu yake ikamezwa. Maneno yetu ni marefu. Yape nafasi ya kupumua.

Hapo hapo kuza maandishi, maana wazee wengi wameshakuza kwenye simu zao:

`adb shell settings put system font_scale 1.3`

Na kama una watumiaji wanaoweka simu kwa Kiarabu, kama ustadhi mmoja wa madrasa anayetumia apu yangu, washa ile chaguo ya kulazimisha mpangilio wa kulia kwenda kushoto kwenye Developer options. Utaona mishale yako yote inaelekea kinyume. Nilirekebisha mmoja mmoja, asubuhi nzima.

Seva iko wapi?

Ukiwa unajaribu, seva yako huwa kwenye laptopu hiyo hiyo, tuseme mlango 8080. Ndani ya apu ukaandika `localhost`. Haitafanya kazi, kwa sababu kwa emuleta `localhost` ni yeye mwenyewe, si laptopu. Laptopu, ukiitazama kutoka ndani ya emuleta, anwani yake ni `10.0.2.2`.

Ukishaandika hivyo utakutana na ukuta wa pili, ujumbe unaosema `Cleartext HTTP traffic to 10.0.2.2 not permitted`. Tangu Android 9 mfumo haukubali HTTP isiyofungwa, yaani mawasiliano yasiyosimbwa, mpaka uruhusu wazi. Usiruhusu kwa apu nzima. Tengeneza faili ya usalama wa mtandao inayoruhusu anwani hiyo moja tu, uiweke kwenye folda ya `src/debug` ili isije ikasafiri na apu ya watu.

Njia ninayoipenda zaidi ni hii:

`adb reverse tcp:8080 tcp:8080`

Kuanzia hapo `localhost:8080` ndani ya emuleta inaelekea kwenye laptopu, na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi pia kwenye simu halisi iliyochomekwa kwa waya. Huhitaji kubadilisha anwani kila mara. Faili ya usalama nayo basi itaje `localhost`.

Sasa inyime emuleta mtandao. Anza kwa kuzima Wi-Fi ya kuigiza ili apu ipite njia ya data, kisha punguza kasi:

`adb shell svc wifi disable`
`adb emu network speed edge`
`adb emu network delay edge`

Hapo umeiweka kwenye EDGE, mtandao wa simu wa polepole: kasi ya kilobiti 473.6 kwa sekunde, na kila ombi linachelewa kati ya milisekunde 80 na 400. Ukitaka mateso zaidi weka `gsm` kwenye kasi, kilobiti 14.4, na `gprs` kwenye ucheleweshaji. Kurudisha hali ya mwanzo ni `full` na `none`.

Na katikati ya ombi, wakati kile kiduara kinazunguka, kata kabisa:

`adb shell svc data disable`

Ndivyo ilivyo katikati ya mkondo, mtandao unakuja na kuondoka. Swali la kujiuliza ni: je, abiria amelipa au hajalipa? Apu yangu ya kwanza ilijibu kwa kuweka nafasi mbili, kwa sababu alibonyeza tena alipoona kimya. Nikaipa kila ombi namba yake ya kipekee inayotengenezwa kwenye simu, seva ikiiona mara ya pili inarudisha jibu la kwanza.

Apu ikianguka, soma kabla ya kugusa

Vijana wengi apu ikianguka hurudi kwenye msimbo na kubahatisha. Tulia. Safisha logi, yaani daftari la matukio ya simu, rudia kosa, kisha usome:

`adb logcat -c`
`adb logcat -b crash`

Utapata kitu kama hiki:

```
FATAL EXCEPTION: main
Process: com.mfano.boti, PID: 6214
java.lang.NullPointerException
    at com.mfano.boti.TiketiActivity.onCreate(TiketiActivity.kt:48)
    at android.app.Activity.performCreate(...)
```

Namna ya kuisoma: kama kuna mistari inayoanza na `Caused by`, nenda kwenye ile ya chini kabisa, hiyo ndiyo chanzo. Kisha shuka mpaka mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chako. Mistari mingine yote ni ya mfumo, nayo haina kosa, usiilaumu. Hapa ni faili ya `TiketiActivity.kt`, mstari wa 48. Ukiufungua:

`val safari = Ghala.safariIliyochaguliwa!!`

Zile alama mbili za mshangao za Kotlin ni kiapo: unauapia mfumo kwamba kitu hicho hakiwezi kuwa tupu. Kimekuwa tupu. Kwa nini? Kwenye emuleta nilibonyeza mara hamsini halikutokea, kwa abiria lilitokea kila siku. Jibu lilikuja nilipokaa gatini nikamtazama mtu akilipa. Anachagua safari kwenye apu yangu, anatoka, anafungua menyu ya M-Pesa, anaandika namba ya siri, anasubiri ujumbe, ndipo anarudi. Simu yake ina RAM ndogo. Wakati yuko kwa M-Pesa, mfumo umeiua apu yangu kimyakimya ili kupata nafasi. Anaporudi, Android inajaribu kumrudisha kwenye ukurasa ule ule, lakini ile `Ghala` iliyokuwa kwenye kumbukumbu imezikwa.

Kurudia kifo hicho kwenye emuleta ni rahisi ukishajua. Chagua safari, bonyeza Home ili apu iende nyuma, kisha:

`adb shell am kill com.mfano.boti`

Halafu irudie kutoka kwenye orodha ya apu za karibuni. Ikaanguka papo hapo, mstari wa 48. Angalia usichanganye na `am force-stop`. Hiyo inazima kila kitu na apu inaanza upya kama ndiyo kwanza imefunguliwa, kwa hiyo kosa hulioni. Tiba: usibebe safari kwenye kumbukumbu. Hifadhi namba yake tu ndani ya `SavedStateHandle`, mahali ambapo Android huitunza hata ikiiua apu, na ukurasa uisome safari yenyewe kutoka kwenye hifadhidata ya simu.

Ukiwa na logi ndefu na huoni kitu, chuja kwa apu yako pekee:

`adb logcat --pid=$(adb shell pidof -s com.mfano.boti)`

Amri hiyo ni ya terminali ya Linux au Mac. Kwenye Windows tumia dirisha la Logcat ndani ya Android Studio, uandike `package:mine`.

Boti ya saa kumi na mbili

Kuna kasoro zisizoangusha apu. Inaendelea kucheka nawe huku inadanganya, na logcat haina la kusema. Hapo ndipo panapohitajika brekipointi, yaani mahali unapoamuru apu isimame ili uchungulie ndani.

Malalamiko yalikuwa haya: boti ya kwanza, ile inayowawahisha watu basi la kwenda Mombasa, haionekani asubuhi. Nyingine zote zinaonekana. Mwenye chombo ameiandika vizuri kabisa kwenye fomu: saa 12, asubuhi.

Msimbo wangu wa kugeuza saa zetu kuwa saa za mashine ulikuwa huu:

```
fun saaYaMashine(saa: Int, kipindi: String): Int {
    return if (kipindi == "usiku") (saa + 18) % 24
           else saa + 6
}
```

Nilikuwa nimeujaribu kwa saa 1, saa 2 na saa 4 asubuhi, ukajibu 7, 8 na 10. Sawasawa. Nikaridhika.

Bonyeza pembeni ya namba ya mstari wa `return`, itatokea nukta nyekundu. Lakini fomu hupitisha safari nyingi na hutaki kusimama kwenye kila moja. Bonyeza nukta hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kwenye kisanduku cha sharti andika `saa == 12`. Kisha endesha apu kwa kitufe chenye alama ya mdudu, si kile cha pembetatu. Apu ikishakuwa imewaka tayari, huna haja ya kuianza upya, chagua Attach Debugger to Android Process.

Ikasimama. Chini, kwenye dirisha la vigeu: `saa = 12`, `kipindi = "asubuhi"`. Nikabonyeza F8 kusogea hatua moja, kisha nikaangalia jibu lililorudi: 18. Boti ya alfajiri nilikuwa nimeipeleka magharibi. Watu walikuwa wanaitafuta asubuhi wakati kwenye apu inaondoka adhana ya magharibi ikikaribia.

Brekipointi ikisimama una uwezo mwingine ambao watu hawautumii: Evaluate Expression. Unaandika `saaYaMashine(11, "alfajiri")` pale pale, apu ikiwa imesimama, unapata jibu. Nikaandika. Ikajibu 17, badala ya 5. Kumbe hata alfajiri nilikuwa nimeisahau. Nikaandika upya:

```
return when (kipindi) {
    "asubuhi" -> saa % 12 + 6
    "mchana", "alasiri", "jioni" -> saa + 6
    else -> (saa + 18) % 24
}
```

Kuna wanaosema saa moja jioni, najua, na hapo hesabu hii inapotea tena. Kwenye menyu yangu baada ya saa 12 jioni kinachofuata ni usiku tu, na mpaka sasa hakuna aliyelalamika.

Ukishalikamata kosa la hesabu kama hili, lihamishe kwenye jaribio dogo la JUnit, zana ya kujaribu msimbo peke yake, lisilohitaji emuleta kabisa. Andika mstari mmoja kwa kila saa inayotatiza: 12 asubuhi iwe 6, 12 jioni iwe 18, 6 usiku iwe 0, 11 alfajiri iwe 5. Yanakwisha kwa sekunde chache, na siku utakapogusa msimbo huo tena yatakupigia kelele kabla ya nahodha.

Kuitesa kidogo

Zungusha skrini kwa Ctrl na mshale wa kushoto. Ukiona fomu imefutika, bado hujahifadhi hali yake vizuri.

Mpigie simu akiwa katikati ya kulipa: `adb emu gsm call 5551234`. Mtumie ujumbe: `adb emu sms send 5551234 Malipo yamepokelewa`. Kama apu yako husoma ujumbe wa namba ya uthibitisho, hapa ndipo unapoijaribu bila kupoteza senti.

Betri ina umuhimu kwangu kwa sababu nahodha anawasha ufuatiliaji wa boti na simu inakaa mfukoni kutwa. Android ikiona simu imelala muda mrefu bila chaja hubana kazi za nyuma, hali inayoitwa Doze. Kuileta hali hiyo bila kungoja:

`adb shell dumpsys battery unplug`
`adb shell dumpsys deviceidle force-idle`

Angalia kama mahali pa boti bado panafika kwenye seva. Ukimaliza, rudisha kwa `adb shell dumpsys deviceidle unforce` na `adb shell dumpsys battery reset`, la sivyo kesho utashangaa mbona emuleta haichaji, na utapoteza saa nzima ukitafuta kasoro isiyokuwepo. Nazungumza kwa uzoefu.

Mwisho mwachilie tumbili. Si mzaha, Android ina chombo kinachoitwa hivyo kwa Kiingereza, kinachobonyeza ovyo popote:

`adb shell monkey -p com.mfano.boti -s 7 -v 1000`

Mabonyezo elfu moja. Ile `-s 7` ni mbegu: ukirudia na namba ile ile tumbili anapita njia ile ile, kwa hiyo akiangusha apu unaweza kumfuata nyayo. Kamwe usimwachilie kwenye apu iliyounganishwa na seva ya kweli. Wangu aliweka nafasi thelathini na moja kwenda Mokowe.

Kile emuleta haiwezi

Emuleta ina Android safi. Simu nyingi zinazouzwa madukani huku zina mfumo wa kiwanda wa kuokoa betri ulioongezwa juu, nao huua apu za nyuma kwa ukali kuliko Doze yenyewe. Hilo utaliona kwenye simu halisi tu. Kasi nayo inadanganya: kichakato cha laptopu kinaweza kuipita mbali simu ya bei nafuu, kwa hiyo orodha inayoteleza vizuri kwenye emuleta inaweza kusuasua mkononi. GPS ya emuleta haitikisiki hata mita moja, wakati kwenye vichochoro vya Mkomani, kuta za matumbawe pande zote mbili, nukta yako huruka hadi mtaa wa jirani. Na hakuna menyu ya M-Pesa ya laini ndani yake, kwa sababu hakuna laini.

Basi azima simu tatu za watu tofauti, ikiwezekana mbovu. Kwenye kila moja ingia About phone, bonyeza Build number mara saba, Developer options zitafunguka. Kuanzia Android 11 huhitaji hata waya: washa Wireless debugging, chagua kuoanisha kwa namba, kisha kwenye laptopu andika `adb pair` ikifuatiwa na anwani na mlango uliooneshwa, na baada ya hapo `adb connect` na mlango wa pili unaoonekana kwenye ukurasa ule. Milango hiyo miwili hutofautiana, wengi hukwama hapo.

Ukiwa na vifaa vingi vimeunganishwa, `adb` itagoma kwa kuwa haijui unamsemesha nani. Andika `adb devices` upate majina, kisha taja mmoja: `adb -s emulator-5554 logcat`, na mwenzake kwa anwani yake.

Halafu shuka gatini saa saba mchana, jua likiwa utosini, umpe simu mtu aliyebeba kapu la samaki kwa mkono mmoja, umwambie aweke nafasi. Usimwelekeze. Mimi rangi ya kijivu niliyoipenda sana kwenye emuleta, ile ya maandishi madogo chini ya bei, hakuna hata mmoja aliyeiona.